Mazoezi Yangu Kwenye Moshi wa Chokaa

Semeni mtakalo juu yangu, lakini mbio nazijua. Leo nina gari langu la mizigo, nyumba ya mawe na kitambi cha heshima, na yote hayo nimeyapata kwa darasa la tatu. Waliosoma mpaka wakavaa miwani ndio wanaonisimamisha njiani niwapakie.

Miaka michache kabla ya Mapinduzi nilikuwa mchoma chokaa pale Wesha, Pemba. Kazi yenyewe ni hii: unapanga magogo ya minazi kwa duara, unarundika matumbawe juu yake, unatia moto, kisha unakaa hapo hapo kulilinda tanuri. Moshi wake mzito, unaganda kooni kama uji. Jioni ukipenga kamasi, chokaa inayotoka yatosha kupaka ukuta. Nilikuwa kijana mzuri sana, na wanawake wa Wesha wasije wakakana leo. Ila nilikuwa nakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichotaka kuninyima mke. Nilikuwa nimepeleka posa kijijini Ole, kwa binti niliyemwona akianika karafuu barazani kwao, na tangu siku ile chakula kikawa hakinipiti. Mjomba wake aliyemlea akakubali. Bibi yake akagoma. Siku zile watu waliogopa kifua kikuu kuliko shetani, na bibi yule alikwishazika mume aliyekufa kwa kukohoa. Akamwambia mshenga wangu: "Kifua chake kikitulia, aje. Kisipotulia, akaoe hospitali."

Nikaapa kitatulia. Dawa ya kifua ni mazoezi, hilo kila mtu alijua. Mwengine angekwenda kukimbia njia ya Chake. Mimi, kwa akili niliyozaliwa nayo, nikafikiri mbele zaidi. Kwetu mtoto akibanwa kifua anapigwa mafusho: anafunikwa shuka juu ya chungu cha majani yanayochemka, avute mpaka atoke jasho. Nguo tunazifukiza udi. Aliyejifungua tunamfukiza. Sijapata kusikia moshi uliomdhuru Mpemba. Basi kwa nini nikimbie kwengine, nami nina mafusho makubwa kuliko yote kisiwani, tena ya bure?

Nikaanza kulizunguka tanuri kila jioni, upande unakoelekea moshi, mdomo wazi. Mzee aliyenifundisha kazi akaweka koleo chini.

"We bwana, unatafuta nini humo?"

"Nafanya mazoezi, mzee."

"Ya kufa?"

"Ya kuoa."

"Aa. Basi ni hayo hayo." Akachukua koleo lake.

Mwanzo nilikohoa mpaka nikatapika. Kisha, wallahi, kikohozi kikachoka chenyewe. Nikawa nakimbia ndani ya wingu lile kimya kama samaki. Nyumbani asubuhi nilikohoa, ndiyo, lakini nikajiambia huo ni uchafu unahama. Nikatuma habari Ole kwamba bwana harusi yuko tayari.

Tulikwenda Ijumaa, mimi na mshenga, juu ya gari lililobeba chokaa, nami nikaona ndiyo heri, kifua kisije kikasahau mafunzo. Tukaingizwa ndani moja kwa moja. Bibi yule alikuwa mdogo wa umbo, hila zake hazina kipimo. Baada ya shikamoo na marahaba akaleta chetezo, akakiweka mbele ya magoti yangu, akamwaga juu ya makaa udi, ubani na vyengine Mungu ndiye anayevijua. Chumba kikajaa. Mshenga akatoka nje analia machozi. Mjomba akaanza kukohoa. Mimi nimekaa, navuta pumzi kama mtu anayekunywa dafu.

"Hukohoi?" akauliza bibi.

"Sikohoi, Bi Mkubwa."

"Ajabu. Hata mie nakohoa."

"Mama, basi!" mjomba akasema. "Ntu mzima huyu. Tutakufa siye!"

Akanishika mkono akanitoa uani. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, upepo unatoka kwenye mikarafuu, hewa safi kama imefuliwa. Nikatanua kifua ili wote waone mali, nikavuta pumzi moja ndefu.

Lo! Kilichotoka humo sikukijua. Nilikohoa nikainama, kofia ikaanguka, kuku wakakimbia, jirani akauliza kwa sauti kama kuna msiba. Nilipoinua kichwa, bibi yuko mlangoni na chetezo chake mkononi.

"Huyu si mume," akasema. "Huyu dohani ya jiko. Moshini mzima, nje anakufa."

"Ni hewa ya huku, Bi Mkubwa. Sijaizoea."

"Basi izoee. Msimu wa karafuu unaingia. Utachuma hapa, utalala kwa mjomba, na tanuri usilisogelee. Msimu ukisha, n'takusikiliza mwenyewe."

Mpaka leo nasema mafusho hayana kosa. Kosa lilikuwa la tanuri. Lakini nilibaki. Alfajiri nikikimbia njia ya shambani, kisha juu ya mikarafuu mpaka mchana. Siku za mwanzo nilikohoa hata matawi yakatikisika, wachumaji wakanambia nikohoe vizuri, karafuu zinaanguka zenyewe. Nikawacheka, maana pishi zangu zilizidi zao. Jioni nikipita ukumbini, sauti ya binti hutoka nyuma ya mlango: "Leo nafuu, kaka. Jana ulituamsha." Nami naondoka nimevimba kichwa kama nimesifiwa na mfalme.

Msimu ulipokwisha na majamvi ya kuanikia karafuu yakakunjwa, bibi akaniita uani. Akaniamuru nipande kilima mbio mpaka juu, nishuke mbio. Nikarudi jasho linanitiririka. Akanivua shati mwenyewe, bila haya, akabandika sikio mgongoni kwangu.

"Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Tena. Usinifanyie ubakhili."

Mjomba amesimama, kikombe cha kahawa hakijafika mdomoni. Nadhani na nyuma ya mlango kuna aliyebana pumzi. Sikio la bibi lilikuwa baridi, likahama kutoka bega hili kwenda lile, likarudi.

"Humu," akasema mwishowe, "hamna tena anayebisha hodi."

Akanitupia shati langu, akamgeukia mwanawe. "Unangoja nini na wewe? Kamwite shehe, kabla hajarudi Wesha."