Bakuli la Kuombea Moto

Jumamosi ile nilifika nyumbani kwetu Keza nikiwa na maringo ya kutosha kata nzima. Ndani ya begi, nimelizungushia kanga, kulikuwa na bakuli moja jeupe. Kiwandani kwetu Mwanza tulikuwa tumehangaika miezi tukitafuta plastiki ya poliesta isiyolegea kwa joto. Unachanganya gundi yake na unga wa chokaa na nyuzi za kioo, unakandamiza kwenye kalibu ya moto, unamimina maji yanayochemka, bakuli linapasuka, unaanza upya. Hili peke yake halikupasuka. Jumatatu bosi angewaonyesha wanunuzi. Ruhusa ya kuondoka nalo sikuomba, kwa sababu nilijua jibu.

Nilitaka mama alione kwanza. Mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia bakuli la plastiki la dukani. Alipotia uji wa moto likanywea kama jani la mgomba lililobabuliwa, uji ukammwagikia pajani. Kovu analo mpaka leo, na kila plastiki anaiita "zawadi yako".

"Hili haliogopi moto, mama," nilimwambia.

Nilimaanisha maji ya moto. Ningeweza kufafanua, ila nilikuwa nimenogewa.

Asubuhi niliamka nikakuta mafiga ya baridi na bakuli halipo. Kwetu moto ukizimika hukimbilii kiberiti. Unakwenda kwa jirani na kigae chako, anakupa makaa mawili matatu pamoja na habari za kijiji. Kigae cha mama kilikuwa pale pale ukutani.

Nikamwona anakuja kwa njia ya migombani, bakuli mikononi, moshi mweusi ukimzunguka, jirani yake akimfuata nyuma.

"Mama, tupa!"

Hakutupa. Hata mwendo hakuongeza. Aliingia jikoni, akamwaga makaa kati ya mafiga, akapuliza mpaka moto ukashika, akamuaga jirani kwa adabu zote. Ndipo akaligeuza bakuli. Ndani lilikuwa jeusi tii, nyuzi zimechomoza, na harufu yake ilishawatoa kuku jikoni.

"Linanuka," alisema.

"Mama, mimi nilisema maji ya moto!"

"Maji hukuyataja." Akabonyeza ukingo kwa kidole gumba. "Lakini halikulegea."

Nilikuwa na hasira za kulia. Miezi yote ile, na Jumatatu ni kesho! Nikalinyakua bakuli, na hapo nikaona viganja vyake. Vilikuwa vyekundu, kimoja kimeanza kutoa lengelenge.

"Sasa kwa nini hukulitupa?"

Aliniangalia kama anayemtazama mtu asiye na akili.

"Nilitupe, na jirani anatazama? Nimeshamwambia ni wewe uliyelitengeneza."

Jumatatu nilimweleza bosi kila kitu, akafoka mpaka akachoka. Habari ya viganja sikumwambia.