Jina la Shomoro wa Kijapani

Safari yangu ndefu kwa siku ni kutoka kitandani hadi jiko la pamoja. Kwa hiyo mwaka 2016, nilipopewa kalenda kuukuu ya picha za Kijapani, zile zinazochongwa kwanza kwenye ubao ndipo zipigwe chapa kwenye karatasi, niliona nimeletewa dunia. Nikakata ukurasa mmoja, nikaubandika mlangoni kwangu, upande wa koridoni, maana ukuta wa chumbani ulikuwa unatoa maji.

Shomoro mmoja juu ya tawi lenye theluji. Kafura manyoya, shingo haionekani, sawasawa na mimi ndani ya blanketi, Julai ya Yeoville, hapa Johannesburg, baridi inapokaza. Nilimkodolea macho hadi nikagundua ile theluji haina rangi: ni karatasi yenyewe, imeachwa tu. Mtu kaacha kufanya kazi, na hapo ndipo palipopendeza! Nikajiona nami nina kipaji.

Pembeni palikuwa na maandishi, yamesimama wima.

Jirani wa chumba cha mkabala, wa Tanga kama mimi, akasimama na sufuria yake.

"Shoga, jina lake nini?"

"Shomoro."

"Sikuulizi ndege. Hayo maneno!"

Kwetu kanga hainunuliwi kabla ya kusomwa jina, na jina halikosi mtu wake.

"Sijui. Kijapani hicho."

"Hujui! Maneno yananitazama kila nikifungua mlango, halafu hujui?"

Nikacheka. Hapo ndipo nilipoharibu.

Salamu zikakatika. Chumvi yake ikahama jikoni. Mama wa Kikongo aliyeshika nyumba na kutupangisha vyumba akaja kusuluhisha: "Eish, mama, ile karatasi uondoshe tu, tukae na amani."

"Mleteni anayesoma Kijapani. Akikuta tusi, ninautafuna huo ukurasa mbele yenu."

Mimi huyo, ninayeogopa hata kuvuka barabara kwenye robot, hizo taa zao za magari! Lakini nimehama nchi, nimehama vyumba vinne. Shomoro hahami.

Jumamosi nikakuta mlango wa jirani umetandazwa kanga mpya, jina limenielekea: KUKAA NDANI SI UTULIVU.

Nakiri, lilinipata barabara.

Nikarudi ndani, nikachukua mkasi. Kwenye kalenda alikuwamo kunguru, mweusi tii, mdomo wazi, na maandishi yake mistari mitatu. Nikambandika chini ya shomoro. Yanasema nini, mpaka leo sijui. Naomba tu yawe makali.