Viatu Mlangoni, Hoteli ya Nice

Msinicheke kabla sijamaliza. Wiki iliyopita ofisi yetu ya Eagan, huku ughaibuni, ilitutuma Ufaransa, mjini Nice: mimi, bosi wangu na Wambui, Mkenya tunayefanya naye kazi. Tulifikia kihoteli cha kifahari chenye vyumba vichache, katikati ya mji, hatua chache kutoka baharini. Zulia lake lilikuwa zuri hata nikaona haya kulikanyaga.

Mimi Mtanzania nimelelewa kuvua viatu. Tena Brooklyn Center, mji ninakoishi sasa, na theluji ile, nani anaingia sebuleni na mabuti? Basi nikavua, nikavipanga mlangoni, nikachomoa kandambili zangu mkobani.

"Kwani hapa ni lazima?" Wambui akauliza.

"Nyumba yoyote ya heshima ni lazima," nikamjibu, kama mwenye nyumba vile.

Akavua. Bosi alipoona, akavua. Wageni wa Kifaransa wakatazamana, nao wakavua. Nikajiona mstaarabu kweli kweli!

Asubuhi tukashuka kwenda mkutanoni. Mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja.

"Haki, viatu zangu ziko wapi?" Wambui akapiga kelele.

Mama mwenye hoteli akaja mbio, kashika kifua. Alidhani tumeviweka vipigwe rangi, akavipeleka vyote kwa fundi, na fundi hafungui mpaka mchana.

"Lakini nani aliwaambia mvue?" akauliza.

Wote waliinamisha macho, wakatazama soksi na vidole vitupu, mpaka macho yakafika kwenye kandambili zangu.