Fundo la Mama na Ratiba Yangu ya Ukutani

Wiki nzima sikulala vizuri kwa sababu ya swali moja: nimwambie tonton, mjomba wangu, amfukuze mama wa jikoni, au amwache? Tonton, mfanyabiashara kutoka Butembo na mwenye mgahawa wetu wa mtaa wa Tshopo, alitaka mimi, gérant wake, yaani msimamizi, nimpe jibu Jumamosi.

"Jikoni iko na wakubwa wawili," alisema. "Mimi nataka mumoja. Wewe njo uko na diplome, chagua."

Diploma ninayo. Katika mtihani wa mwisho niliandika kurasa kumi na mbili juu ya tofauti kati ya kiongozi na meneja, na profesa akaniandikia pembeni "vizuri sana". Hakuna swali lililohusu samaki.

Mama huyo ni mtu wa Yanonge, na sifa yake ni liboke, samaki anayefungwa ndani ya majani na kuchomwa juu ya makaa. Yeye na wasichana wake wawili walikuwa na sheria moja: kila mpishi anaosha samaki wake, anamtia chumvi mwenyewe, anamfunga kwa fundo lake. Mmoja anazungusha kamba mara mbili, mwingine anaacha mkia mrefu, mama anafunga pembeni. Liboke ikirudishwa na mteja, wanatazama fundo, wanamjua mwenyewe, na wanamcheka hadi jioni.

Mimi niliona fujo. Nikachora ratiba kwa kalamu za rangi nne, nikaibandika ukutani: mmoja aoshe, mmoja atie chumvi, mmoja afunge. Mama, mpishi bora kuliko wote, nilimweka kwenye beseni la kuoshea.

Aliisoma. "Gérant, iko muzuri. Sasa wewe, fundo yako iko wapi?"

"Mimi nasimamia, mama."

"Ah bon," alisema, akaenda kwenye beseni.

Ijumaa mchana mgahawa ulijaa. Makaa yalipopungua nilimtuma sokoni msichana wa chumvi, na nikajisifu moyoni kwa kuamua haraka. Samaki waliendelea kuoshwa na kufungwa. Kisha papa mmoja, mzee ambaye ni mteja wa kila siku, akafungua majani yake, akaonja, akaniita kwa sauti.

"Gérant! Chumvi inakuya na bateau ya kesho?"

Meza tatu zilicheka kuwaza chumvi inayosubiri meli. Nikakimbilia jikoni. "Nani alifanya hii?"

Msichana wa kufunga akaelekeza kidole kwenye ratiba ukutani. "Njo tableau, gérant. Mimi nilifunga tu. Kufunga iko na kosa?"

Kufunga hakukuwa na kosa. Mafundo yote yalifanana, na hakuna lililokuwa la mtu.

Nikaanza kufikiri. Nimlaumu nani kwanza? Nimwombe papa msamaha kwa jina langu au la mgahawa? Nikiwa bado hapo, mama alifuta mikono, akaenda mezani.

"Papa, ni mimi. Unisamehe, nakuchomea ingine sasa hivi."

Hakuwa yeye. Papa akacheka: "Mama, wewe nitakungojea." Mama aliporudi jikoni, msichana wa kufunga alikuwa tayari ametandaza majani mapya, na chumvi iko pembeni. Hakuna aliyemwambia. Ratiba yangu haikuwa na mstari wa jambo hilo.

Jumamosi asubuhi tonton akaketi kusubiri jibu. "Alors?"

Mfukoni nilikuwa na ripoti ya kurasa tatu yenye mahitimisho mawili, moja kwa kila upande. Niliiacha humo.

"Mama abaki. Jikoni mkubwa ni yeye. Mimi nitashughulika na wateja na soko, na nikiingia jikoni nitamsikiliza."

"Universite yote ile ilikuwa ya hii?"

"Ndiyo, tonton."

Nikabandua ratiba, nikampa mama. Aliikunja, akapepea makaa nayo, kisha akanisogezea samaki mmoja, majani na kamba. Nilimwosha, nikamtia chumvi, nikalamba kidole kuhakikisha, nikamfunga. Fundo langu lilikuwa baya kuliko yote, mtu angelitambua kutoka upande wa pili wa barabara. Liboke ilipoiva niliibeba mwenyewe, nikamwekea tonton mezani.