Upinde Unaolala Moshini

Jumapili iliyopita niliurudisha tena upinde wa babu jikoni kwa jirani, na ile njia fupi ya migombani ilinichosha kuliko safari zangu zote. Kaa nikueleze, rafiki yangu, maana wewe unajua nilikotoka.

Nilikulia hapa Kanazi, katika nyumba ya nyasi, miguu peku. Leo nina stashahada ya useremala. Nimetengeneza samani za maofisi kuanzia Biharamulo hadi Mwanza, kisha nikarudi kujenga nyumba ya vyumba saba, bati la rangi, vigae mpaka jikoni. Hakuna aliyenishika mkono, na sioni haya kulisema.

Utotoni, Jumapili yetu ilikuwa na vipindi viwili: misa, kisha shabaha. Wanaume walisimamisha kigogo cha mgomba mwisho wa shamba, wakalenga kwa zamu, huku sisi tukinywa juisi ya ndizi na kusubiri maharage ya bibi yaive. Upinde wa babu ulijulikana kwa ncha zake mbili, zilizokunjwa kwenda mbele kama pembe za ng'ombe. Mshale ulipozama kwenye mgomba ulitoa sauti laini, kama mtu anayepiga kofi kwenye matope.

Kazi yangu ilikuja baadaye. Nilifungua kamba, nikaupaka upinde samli kwa kiganja, nikampa bibi autundike juu ya mafiga. Babu, ambaye l na r kwake zilikuwa ndugu, alisema kila mara, "Upinde urare moshini, kamba irare pembeni." Nilichukia kazi ile. Mikono ilinuka samli na masizi mpaka shuleni, na mwalimu alinihamishia dirishani.

Babu alifariki, bibi akamfuata. Jirani yetu, rafiki wa bibi, akauhamishia upinde jikoni kwake. Niliporudi alinikabidhi, ukiwa mweusi kama chungu. Nikaona aibu. Fundi mzima mwenye cheti, na urithi wangu uko hivi? Nilitaka uwe upinde wa kulenga kila Jumapili, kama zamani. Nikaupiga msasa siku mbili mpaka mti ukang'aa, nikapaka vanishi mikono mitatu, mmoja juu ya mwingine, nikaweka kamba mpya, nikautundika sebuleni juu ya televisheni.

Jirani alipokuja kuuona nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yakiwa ukutani.

"Umeuogesha kama maiti," akasema.

"Bibi, hiyo ni vanishi ya kwanza kwa ubora."

"Sawa, Bwana Stashahada. Na kidole cha babu yako umekiweka wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Pale katikati, mahali pa kushikia, kidole gumba cha babu kilikuwa kimechimba kishimo kwa miaka yake yote ya kulenga. Nilikuwa nimekisawazisha kwa msasa, tena kwa ustadi mkubwa.

Jumapili tatu nililenga peke yangu. Kila nilipovuta, vanishi ilipasuka na kubanduka kama ngozi ya nyoka. Mvua ziliposhika, nikakuta unga mwembamba wa mti juu ya televisheni. Fundi haulizi unga ule umetoka wapi. Wadudu walikuwa wameingia kwenye nyufa.

Nikakwangua vanishi yote, nikapaka samli. Lakini jikoni kwangu tunapikia gesi. Moshi ningeutoa wapi? Nikaubeba kwa jirani.

"Vyumba saba," akasema akiupokea, "na hakuna hata kimoja cha kulaza upinde."

Tangu hapo nauchukua kila Jumapili baada ya misa, nalenga mpaka bega linauma, naurudisha. Moshi umewafukuza wadudu. Weusi unarudi polepole, nami nanuka kama nilivyonuka darasani. Kishimo hakijarudi. Wenzangu wa kigogo cha mgomba wako makaburini au mijini, na watoto wa hapa wakipita huniuliza ninawinda nini.

Mwezi huu wana wa jirani wamemletea mtungi wa gesi. Wanasema kifua chake kimechoka na moshi, na ni kweli, namsikia akikohoa. Mtungi uko mlangoni, haujafunguliwa. Siku hizi nikitoka kanisani, kabla ya kufika kwake natazama kwanza kama paa lake bado linafuka moshi.