Siku Kumi na Tisa za Kupendekeza Mlenda

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti saa moja asubuhi, shati limepigwa pasi hadi linakwaruza, miguuni viatu vya shule kwa sababu sikuwa na vingine. Ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, mnaodhani kazi ya mgahawa ni kubeba sahani tu, tulieni. Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, baada ya utumishi wa siku kumi na tisa za likizo, na ninayo ya kuwaeleza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa sinki la glasi. Mgahawa wenyewe uko Dodoma mjini, upande wa watu wa ofisi, na viti vyake ni vya mbao za makreti, zile ambazo kwetu Mvumi tunazibia zizi la mbuzi. Siku ya nne nilihamishiwa kukunja tishu. Siku ya sita nikapandishwa cheo kuwa Mhudumu wa Ukumbini, maana aliyekuwepo alikimbilia kwenye soko la mahindi Kibaigwa, akasema kule angalau watu wanagombana waziwazi.

Aliyenifunza kazi ni Meneja, mama mpole asiyepandisha sauti hata glasi ikivunjika. Alinifundisha kupendekeza. Kupendekeza ni utaalamu, msicheke: unainama kidogo, unashusha sauti kama unavujisha mtihani, unasema, "Leo mlenda wetu ni mtamu sana." Nikamuuliza itakuwaje mteja akitaka kitu kingine.

"Mteja haji hapa kula," akanijibu. "Kula angekula kwake. Anakuja kukaa. Wewe mpe sababu ya kukaa."

Basi nikapendekeza. Mlenda wa asili na ugali wa uwele, kwenye kibakuli kinachotosha chumvi tu, na jani moja la giligilani limelala juu kama mgonjwa. Kwa bei ile, sokoni unaondoka na debe zima la mahindi.

Sahani inayorudi jikoni na chakula tuliiita marejeo. Mlenda ndio uliokuwa bingwa wa marejeo, na hapo udadisi ukanishika. Watu waliagiza, wakala matonge matatu, wakalipa, wakaondoka wakitabasamu. Hakuna aliyelalamika. Nilipomuuliza baba mmoja wa wizarani, alisema kizuri, kizuri, ameshiba tu, na huku macho yake yanafuata chipsi za meza ya jirani. Nikafanya upelelezi. Siku moja niliondoa jani, siku nyingine nikapunguza muziki. Marejeo yaleyale. Mpishi Mkuu alisema watu wa mjini wana matumbo madogo, akaendelea kumenya vitunguu.

Kosa langu nililifanya kwa Bibi. Ndiye anayenilea, na aliniruhusu kufanya kazi kwa sharti moja: aje aone kwa macho yake. Asiporidhika, nirudi Mvumi kupura uwele mpaka shule ifunguliwe. Mimi kwa kujihami nikamwambia mlenda wa pale hauna mfano.

Alikuja Jumamosi mchana. Akamwamkia kila mtu kwa Kigogo, "mbukwenyi", kama anaingia kijijini, akachungulia chini ya kiti kabla ya kukikalia. Nikainama, nikashusha sauti, nikapendekeza. Bibi yangu mwenyewe, jamani.

Sasa eleweni jambo. Mlenda wa kwetu Mvumi unavutika. Ukichovya tonge na kulinyanyua, uzi unafuata, na mlaji huzungusha mkono kidogo kuukata. Tunajifunza hilo kabla ya kujua kuongea. Bibi alichovya, akanyanyua, akazungusha mkono. Hakukuwa na cha kukata. Mkono ulizunguka peke yake hewani. Akarudia, kama mtu anayebonyeza swichi umeme umekatika. Kisha akaniangalia.

"Ulionja lini?"

"Bibi?"

"Uliniambia mtamu. Nakuuliza ulionja lini."

Sikuwa nimeonja. Sisi wafanyakazi tulikuwa na desturi yetu: ikifika saa nane tunatokea mlango wa nyuma kwenda kwa mama mmoja wa wali maharage. Chakula cha mgahawa tulikijua kwa jina tu. Bibi akanisogezea kibakuli. Nikaonja nikiwa nimesimama na trei yangu. Ulikuwa mchachu, mwepesi kama maji ya kuoshea.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mpishi Mkuu. Akanieleza bila wasiwasi kwamba anautia ndimu ili usivutike, agizo la Meneja, tangu uzi ulipodondokea tai ya mteja.

"Na wewe umeuonja?"

"Mimi mtu wa ndizi, mdogo wangu."

Meneja naye alikuwa akipunguza mwili, anakula matango. Kwa hiyo jengo zima, waliowahi kuuonja ni wateja peke yao, na kila mmoja alidhani mshamba ni yeye.

Bibi aliumaliza, kwa kuwa habakizi chakula. Kuhusu Mvumi hakusema neno. Mlangoni alisema tu, "Kesho watakuuliza tena."

Kweli, Jumapili familia moja iliyotoka kanisani ikaniuliza mlenda ukoje. Meneja alikuwa kaunta, hatua tatu. Nikainama, nikashusha sauti kama nilivyofundishwa, nikasema, "Nimeuonja jana. Umetiwa ndimu, hauvutiki." Wakaagiza chipsi.

Meneja aliniomba aproni kwa upole uleule. "Nani alikutuma uonje?" akauliza, na naapa alitaka kujua kweli.

Mpishi Mkuu alinisindikiza hadi getini. Akasitasita, akaniuliza huo unaovutika una ladha gani. Nilishindwa kumweleza, nikamwambia aje Mvumi siku yake ya mapumziko.

Alikuja. Alinikuta napura uwele, vumbi hadi kwenye kope. Bibi akamwekea. Akachovya, akanyanyua tonge, uzi ukamfuata mpaka kwenye shati, akaganda mkono juu, hajui aende mbele au arudi nyuma.

"Zungusha mkono," nikampendekezea.

Akazungusha. Ukakatika. Akala, akachovya tena kabla hajameza la kwanza.