Sahihi ya Shemeji

Kwenye saiti zote alikofanya kazi walimwita Timazi, kama ile kamba yenye kipande cha chuma inayoning'inizwa kuona kama ukuta umesimama wima. Jina hilo alilipata ujanani kwa sababu alikuwa na jicho. Alikuwa akisimama hatua kumi kutoka ukutani, anainamisha kichwa kidogo, anasema, "Huo umelalia kushoto," na aliyekwenda kupima alikuta umelala kweli, upana wa ukucha. Alianza kwa kubeba kokoto, akapanda hadi kushika mwiko, na alipotimiza miaka arobaini na minne alikuwa nyapara wa watu thelathini na saba kwenye jengo la ofisi la ghorofa nne. Alivaa kofia nyeupe badala ya njano, na kalamu ilikaa sikioni kama imeota pale.

Kampuni iliyojenga jengo hilo ilikuwa na utaratibu mzuri, kwenye karatasi angalau. Mtu mpya haruhusiwi kushika sepetu kabla hajakaa siku mbili kwenye darasa la usalama. Darasa lenyewe lilikuwa kontena lenye mabenchi, na mkufunzi alikuwa mama mmoja mfupi aliyewahi kufunga nondo kwa miaka tisa, mpaka kidole chake cha kati kilipobaki kwenye mashine ya kukatia. Kidole hicho alikifanya kifaa cha kufundishia. "Hapa palikuwa na fundi hodari kuliko nyie wote," alikuwa akisema huku ameinua mkono, na watu walicheka, halafu wakanyamaza.

Akifika kwenye habari za mitaro, hakutania. "Mtaro ukikupita kifua na kuta zake hazina mbao za kuzuia, huingii. Akuamuru nyapara, akuamuru injinia, akuamuru mwenye jengo, huingii. Udongo wa kujaza mapipa matano una uzito wa gari, na wenyewe hauna habari kwamba wewe umeacha watoto nyumbani."

Timazi alikaa darasa lile mara mbili, na aliamini kila neno.

Lakini darasa lilikuwa mara moja kwa mwezi, na kazi ilikuwa kila siku. Watu waliondoka, wengine waliugua, wengine walipata pengine. Injinia alitaka daftari la mafunzo lionyeshe kila jina na sahihi yake, maana wakaguzi walikuja bila kubisha hodi. Mara ya kwanza Timazi alipomwambia kuna mtu ameanza kazi bila kusoma, injinia hakuinua hata macho kutoka kwenye ramani. "Si utaweka sawa wewe," alisema. Timazi akaelewa. Akaweka sawa. Tangu hapo ikawa kazi ndogo ya Ijumaa, kama kuhesabu makoleo, na mkono wake ukazoea kuandika sahihi za watu wengine.

Dada yake mdogo alikuwa ameolewa na fundi plasta, mtu mpole, mrefu, mwenye mabega ya kuinamia milango. Mradi wake wa mwisho uliisha, na kwa miezi mitano alishinda nyumbani akirekebisha viti vya majirani. Dada alimfuata Timazi mwenyewe.

"Kaka, mtafutie hata kazi ya kuchanganya zege. Akikaa tena mwezi mmoja ataanza kuzungumza na kuku."

Timazi alicheka, na wiki ile ile shemeji yake akaingia saiti. Ilikuwa Jumanne. Darasa lilikuwa bado wiki mbili.

"Wewe utapiga plasta ndani, vyumba vya chini," Timazi alimwambia. "Huko hakuna cha kukuangukia zaidi ya vumbi. Darasa utakaa likifika."

Kisha akafungua daftari kwenye goti lake, akaandika jina, akaandika tarehe ya mwezi uliopita, akaweka sahihi. Shemeji alichungulia begani kwake.

"Yako nzuri, shemeji. Yangu huwa kama mjusi aliyekanyagwa."

Walicheka wote wawili. Siku nane zilizofuata Timazi alifurahi, tena kwa haki. Shemeji yake alikuwa na mkono. Ukuta aliougusa ulikuwa laini kama umepigwa pasi, na mafundi wengine walianza kwenda kumwangalia anavyozungusha mwiko.

Siku ya tisa mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri. Nyuma ya jengo kulikuwa na mtaro wa bomba la maji taka, uliochimbwa na mashine, kina chake kikimzidi mtu mrefu. Kuta zake zilikuwa tupu. Mbao na jeki za kuzizuia zilikuwa zimeagizwa tangu Jumatatu, na lori halijafika. Wakati huohuo mkaguzi wa maji taka alitarajiwa saa tano, na kipande kimoja cha bomba hakikuwa kimelazwa vizuri.

"Ni kusawazisha mchanga tu chini ya kile kipande," injinia alisema. "Nusu saa. Mtu mmoja anatosha."

"Mbao hazijaja, bosi," Timazi alisema.

"Zinakuja kesho. Mkaguzi anakuja leo."

Timazi alitazama ukingo wa mtaro. Udongo uliochimbuliwa ulikuwa umerundikwa palepale pembeni, umelowa, mzito. Jicho lake, lile lililojua ukuta uliolala upana wa ukucha, liliona ufa mwembamba kwenye nyasi, sambamba na mtaro, urefu wa hatua nne. Aliuona. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba aliuona. Akageuka, akawaendea vibarua.

Wawili wa mitaro walikuwa hawajafika kwa sababu ya mvua. Wa tatu, mzee aliyesoma darasa la yule mama, alitazama chini kisha akatikisa kichwa. "Mimi humo siingii, nyapara. Nifukuze." Hakumfukuza. Shemeji yake alikuwa ametoka nje kuosha karai, akasikia.

"Kwani kuna nini cha kufanya?"

"Kusawazisha mchanga. Nusu saa."

"Basi nipe. Plasta yangu yenyewe haijakauka."

Alichukua sepetu, akashuka kwa ngazi ya mbao, huku anaimba chini chini. Hakutazama kuta. Hakuwa na sababu ya kuzitazama. Maisha yake yote kuta zilikuwa vitu vya kupakwa, si vya kuogopwa. Timazi alisimama pale dakika mbili tatu, kisha akaitwa ghorofa ya pili kuangalia zege.

Kuporomoka kwenyewe hakukuwa na kelele. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko mengine. Ilikuwa kama mtu ameangusha gunia la simenti chumba cha pili. Kisha mzee yule akapaza sauti akimwita, mara moja tu, na Timazi akajua kabla hajafika dirishani.

Alipofika chini mtaro ulikuwa umejaa zaidi ya nusu, na ngazi ilionyesha vidato vitatu vya juu. Watu walirukia ndani na masepetu, mzee akawa anawazuia, anawasukuma nyuma kwa mikono miwili, anawaambia ukuta wa pili nao unakuja. Wengine walileta milango ya mbao iliyokuwa bado haijafungwa, wakaiegemeza kama kinga. Timazi alichimba kwa mikono kwa kuogopa asimkate shemeji yake kwa chuma. Walichimba dakika arobaini. Walimkuta amesimama wima, mkono mmoja juu ya kichwa, na vidole vyake vilikuwa chini ya udongo kwa urefu wa kiganja tu. Hakuwa na jeraha. Kifua kilikuwa kimebanwa, basi, pumzi haikupata pa kwenda.

Mchana huo injinia alimwita ofisini, akafunga mlango. Daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa.

"Mungu amrehemu," alisema. "Lakini alisoma. Si hii saini yake? Alijua sheria, akaingia kwa hiari yake. Hivyo ndivyo ilivyo."

Timazi alikuwa bado na udongo mikononi.

"Wewe una watoto watatu," injinia aliendelea, kwa sauti ya upole kabisa. "Sema ulichoandika tu. Hakuna anayekudai zaidi."

Kwenye msiba, dada yake alikaa sakafuni amenyoosha miguu, macho makavu. Barua ya kampuni ilikuwa imeshafika: marehemu alipewa mafunzo, akayakaidi, kwa hiyo hakuna fidia. Alimwita Timazi akae karibu.

"Kaka, wanasema alifundishwa akakaidi. Yule? Yule alikuwa ananiuliza mimi dawa ya kikohozi inywewe kabla ya kula au baada ya kula. Alikaidi lini?" Akamtazama. "Na alifundishwa lini? Mbona hakuniambia?"

"Nitauliza," Timazi alisema.

Hilo jibu alilibeba wiki tano. Alikwenda kazini, akarudi, akala bila kujua amekula nini. Mke wake alimuuliza anaumwa wapi, akasema mgongo. Mara mbili alifika hadi mlangoni kwa dada yake amekata shauri kumweleza, na mara mbili alikuta amezungukwa na watu, akajiambia si mahali pake. Lakini mara ya tatu alimkuta peke yake, anaanua nguo, na bado alizungumza habari za hali ya hewa akaondoka.

Mkaguzi wa kazi aliitisha kikao kwenye ukumbi mdogo wa ofisi za serikali, viti vya plastiki, feni isiyozunguka. Injinia alikaa mbele na wakili wa kampuni. Dada yake alikaa safu ya nyuma, na mwanawe mkubwa pembeni. Timazi alipoitwa, mkaguzi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsogezea daftari.

"Unaitambua sahihi hii?"

"Naitambua."

"Ni ya marehemu?"

Timazi alitazama ile mistari mizuri, iliyonyooka. "Hapana. Ni mkono wangu."

Wakili aliinuka nusu. Mkaguzi akamwashiria akae.

"Kwa nini uliandika?"

"Darasa lilikuwa bado wiki mbili, na yeye alihitaji kazi. Siyo yeye peke yake. Ukipekua utakuta wengine."

Mkaguzi alipekua. Alikuta kumi na mbili.

"Nani alimtuma mtaroni?"

"Mimi."

"Ulijua hauna mbao?"

"Nilijua. Na ufa niliuona."

"Na yeye alijua hatari yake?"

"Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Aliyesoma alikataa kuingia, na yeye angesoma angekataa."

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Hakugeuka. Alisikia viatu vya dada yake vikitembea polepole hadi mlangoni, na mlango ukafungwa bila kubamizwa.

Mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Kampuni ilitozwa faini, ikalipa, ikaendelea na ghorofa zake. Injinia alisema alitegemea daftari la nyapara wake, na kwa kuwa "si utaweka sawa wewe" haikuandikwa popote, alihamishiwa mradi mwingine. Dada alipata fidia yake. Timazi alifukuzwa, na mahakama ikampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja: kila asubuhi alifagia uwanja wa hospitali kuanzia langoni hadi chumba cha maiti. Alipomaliza alitafuta kazi, akaipata kama fundi wa kawaida, chini ya nyapara aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na tano. Mara mbili alikataa kushuka kwenye mitaro isiyo na mbao, mara mbili akaambiwa achukue vitu vyake.

Mkufunzi alimtafuta. Alitaka aje aseme na watu kwenye kontena. Timazi alikataa, akakataa tena, kisha akaenda. Alizungumza dakika kumi akitazama viatu vyake. Wengine walisinzia. Mmoja wa mbele alimuuliza, "Sasa mbona wewe hukufungwa ndani?" Akajibu kwamba hata yeye hajui. Yule mama hakumpongeza. Alimwambia tu darasa lijalo ni tarehe sita, saa mbili.

Dada yake hakusema naye kwa mwaka na miezi minne. Watoto wake walimwamkia mjomba wao wakikutana naye njiani, kisha wakapita haraka, kama walioambiwa. Siku moja dada alimtuma yule mkubwa: mlango wa uani haufungi, na mama anauliza kama mjomba ana nafasi.

Alikwenda na randa, bawaba mpya na karai la vifaa vyake. Dada alikuwa jikoni. Alifanya kazi kama saa mbili, na katika saa hizo alipitia mlango wa chumba cha kulala mara tatu, akaona ukuta mmoja uliopigwa plasta nusu. Upande wa juu ulikuwa laini, unang'aa; upande wa chini, matofali matupu. Marehemu alikuwa amesema ataumaliza akipata mshahara wa kwanza.

Timazi alisimama mlangoni na karai lake tupu. "Simenti kidogo tu," alisema kuelekea jikoni. "Naweza kumalizia leo leo."

Dada alitoka akifuta mikono. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kabla ya kikao.

"Alisema nini kabla hajaingia?"

"Alisema plasta yake haijakauka, kwa hiyo ana nafasi. Alikuwa anaimba."

Dada alitikisa kichwa polepole.

"Mlango unafunga sasa?" aliuliza.

"Unafunga."

"Basi asante. Ukuta usiuguse."

Akaingia jikoni. Timazi akakusanya vifaa vyake, akafagia vumbi la mbao alilolimwaga, akaondoka.